Svante Arrhenius

Svante August Arrhenius (19 Februari 1859 – 2 Oktoba 1927) alikuwa mwanafizikia na mwanakemia kutoka nchi ya Uswidi. Anajulikana hasa kwa kueleza kwamba chumvi, asidi na besi zikitiwa ndani ya maji hugawanyika kuwa chembe zenye chaji ya umeme ziitwazo ioni. Kutokana na hoja hiyo kemia ilipata maelezo ya kueleweka, tena yanayoweza kupimwa, kuhusu sababu ya asidi moja kuwa na nguvu na nyingine kuwa dhaifu. Mwaka wa 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, akawa Mswidi wa kwanza kupata tuzo ya Nobel.

Kazi iliyompatia tuzo hiyo ni ileile ambayo miaka 19 kabla yake nusura imfungie mlango wa chuo kikuu.

Utoto na masomo

Arrhenius alizaliwa Vik, karibu na mji wa Uppsala. Baba yake, Svante Gustav Arrhenius, alikuwa mpima ardhi aliyeajiriwa na Chuo Kikuu cha Uppsala kusimamia mashamba yake ya huko. Mama yake aliitwa Carolina Christina Thunberg. Inasimuliwa kwamba mtoto huyo alijifundisha kusoma akiwa na umri wa miaka 3, na kwamba hesabu alizijua kwa kumtazama baba yake akijumlisha tarakimu katika vitabu vya mapato na matumizi. Familia ilipohamia Uppsala alisoma katika shule ya kanisa kuu la mji huo hadi mwaka wa 1876, kisha akaingia chuo kikuu kusoma hisabati, kemia na fizikia.

Uppsala kilikuwa chuo cha kale chenye heshima kubwa. Profesa wa kemia, Per Teodor Cleve, alikuwa amegundua elementi za holmi na thuli mwaka wa 1879. Profesa wa fizikia, Tobias Robert Thalén, alikuwa bingwa wa kupima mwanga unaotolewa na elementi mbalimbali. Wote wawili walikuwa wataalamu wa kweli katika kazi zao, lakini swali lililomvutia Arrhenius halikuwa la mmoja wao. Yeye alitaka kujua nini hutokea pale umeme unapopita ndani ya maji yenye chumvi. Kwa wanakemia hilo lilikuwa jambo la fizikia, na kwa wanafizikia lilikuwa jambo la kemia. Basi mwaka wa 1881 alihamia Stockholm, akafanya kazi katika maabara ya Erik Edlund, mwanafizikia wa Chuo cha Sayansi cha Kifalme cha Uswidi.

Fumbo la maji yenye chumvi

Jambo lenyewe linaweza kujaribiwa katika maabara ya shule yoyote yenye betri, nyaya na balbu ndogo. Chumvi kavu ya mezani haipitishi umeme. Maji safi kabisa nayo karibu hayapitishi. Ukiyeyusha chumvi hiyo ndani ya maji hayo, balbu inawaka. Sukari ikiyeyushwa vivyo hivyo haiwashi kitu.

Michael Faraday wa Uingereza alikuwa ameshatumia jina la ioni tangu mwaka wa 1834, akimaanisha chembe zinazosafiri kuelekea ncha mbili za betri. Ila yeye na waliomfuata walidhani kwamba umeme wenyewe ndio unaoipasua chumvi kuwa ioni. Rudolf Clausius wa Ujerumani alitia shaka: kama umeme ndio unaopasua, basi ingehitajika nguvu fulani ya kuanzia kabla mkondo haujapita, na jambo hilo halionekani. Clausius alikisia kwamba sehemu ndogo sana ya chumvi huwa imekwisha kuachana hata bila umeme, akaishia hapo.

Arrhenius alipima mimumunyo mingi, hasa ile iliyozimuliwa mno, yaani yenye maji mengi na chumvi kidogo. Aliona kwamba kadiri mmumunyo unavyozimuliwa, ndivyo kiasi kilekile cha dutu kinavyopitisha umeme vizuri zaidi. Kwa asidi dhaifu kama ile ya siki tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno. Akahitimisha kwamba ndani ya maji dutu hiyo ina sehemu mbili: moja hai, inayobeba umeme, na nyingine isiyobeba. Maji yakiongezwa, sehemu hai hukua. Tena akaenda mbele zaidi. Alidai kwamba sehemu hiyo inayobeba umeme ndiyo hiyohiyo inayofanya kazi ya kikemia, na kwa hiyo asidi inayopitisha umeme vizuri ndiyo asidi yenye nguvu.

Dai hilo la mwisho ni la ajabu ukilifikiria. Linasema kwamba unaweza kujua nguvu ya asidi bila kuionja, bila kuitia chuma wala marumaru, kwa kusoma mita ya umeme tu.

Daraja la nne

Tasnifu ya shahada ya uzamivu aliyoiwasilisha Uppsala mwaka wa 1884 iliandikwa kwa Kifaransa, ikiwa na kurasa 150 na hoja 56 zilizopangwa kwa namba. Mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyokwenda kwa Cleve kumweleza kwamba amepata nadharia mpya. Profesa alimwambia ni jambo la kuvutia, kisha akamuaga.

Ni rahisi leo kuwacheka watahini hao, lakini pingamizi lao lilikuwa na msingi. Sodiamu ni metali inayowaka na kurukaruka ikigusa maji. Klorini ni gesi ya sumu yenye rangi ya kijani-manjano. Mtu akisema kwamba katika glasi ya maji ya chumvi sodiamu na klorini zimeachana na kuogelea kila moja peke yake, ni haki kumuuliza mbona maji hayalipuki, mbona hayana rangi wala harufu. Jibu ni kwamba ioni ya sodiamu si atomu ya sodiamu. Imepoteza chaji moja hasi, na tabia yake imebadilika kabisa. Lakini mwaka wa 1884 hakuna aliyejua elektroni ni nini. J. J. Thomson aliitambulisha mwaka wa 1897 tu. Arrhenius alikuwa na jibu sahihi kabla ya vifaa vya kulieleza kupatikana. Isitoshe, katika tasnifu yenyewe alikuwa bado anazungumzia sehemu hai na isiyo hai kwa uangalifu. Neno la kuachana waziwazi alikuja kulitamka miaka 3 baadaye.

Tasnifu ilipewa daraja la nne, na baada ya kuitetea akapandishwa hadi la tatu. Alipata shahada, lakini kwa desturi ya chuo hicho mtu mwenye alama za namna hiyo hakutarajiwa kuwa mhadhiri. Kwa kijana wa miaka 25 asiyetaka kazi nyingine ila utafiti, hilo lilikuwa pigo zito.

Msaada kutoka Riga

Arrhenius hakukaa kulalamika. Alituma nakala za tasnifu kwa wanasayansi wa nchi za nje, miongoni mwao Clausius, Lothar Meyer, Jacobus van 't Hoff na Wilhelm Ostwald. Huyu wa mwisho alikuwa profesa kijana wa kemia huko Riga, mji uliokuwa wakati huo ndani ya Dola la Urusi na leo ni mji mkuu wa Latvia. Ostwald alisimulia kwamba siku moja alipata mambo matatu kwa pamoja: jino lililomuuma, binti aliyezaliwa, na tasnifu ya Arrhenius, na kwamba hiyo tasnifu ndiyo iliyomsumbua kuliko yote.

Sababu ya kusumbuka ni kwamba Ostwald alikuwa amepoteza miaka akipanga asidi kwa nguvu zao kwa njia nyingine kabisa. Yeye alipima jinsi kila asidi inavyoharakisha menyuko fulani, kwa mfano kuvunjika kwa sukari ya miwa ndani ya maji. Baada ya kusoma tasnifu alizipima asidi zake kwa umeme, na orodha ikatoka ileile: iliyokuwa ya kwanza kwa kasi ilikuwa ya kwanza kwa umeme, na iliyokuwa ya mwisho ilibaki mwisho. Vipimo viwili visivyofanana hata kidogo vilikuwa vimekubaliana.

Mwezi wa Agosti 1884 Ostwald alisafiri hadi Uppsala kumtembelea kijana huyo, akampa nafasi ya kufundisha Riga. Safari hiyo iliwatikisa wenyeji. Mgeni mwenye jina amevuka bahari kumfuata mtu waliyempa daraja la chini! Arrhenius hakwenda Riga wakati huo kwa sababu baba yake alikuwa mgonjwa, na mzee huyo alifariki mwaka wa 1885. Lakini kabla ya mwaka 1884 kwisha chuo cha Uppsala kilimpa uhadhiri wa kemia ya kifizikia.

Mwaka wa 1886 Chuo cha Sayansi kilimpa fedha za kusafiri. Alifanya kazi na Ostwald huko Riga na baadaye Leipzig, na Friedrich Kohlrausch huko Würzburg, na Ludwig Boltzmann huko Graz, na van 't Hoff huko Amsterdam. Huyo Mholanzi ndiye aliyempa kipande kilichokosekana. Van 't Hoff alikuwa ameonyesha kwamba dutu iliyoyeyushwa hufuata kanuni zinazofanana na zile za gesi, isipokuwa chumvi, asidi na besi, ambazo kila mara zilitoa thamani kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Maji yenye chumvi ya mezani, kwa mfano, huganda kwenye halijoto ya chini zaidi kuliko maji yenye idadi ileile ya molekuli za sukari, na mshuko huo hukaribia kuwa mara mbili. Kwa kloridi ya kalsiamu hukaribia mara tatu. Arrhenius aliona maana yake mara moja: chumvi ya mezani imekuwa chembe mbili, kloridi ya kalsiamu imekuwa chembe tatu. Mwaka wa 1887 alichapisha makala yake maarufu kuhusu jambo hilo katika jarida jipya la kemia ya kifizikia lililoanzishwa na Ostwald na van 't Hoff, na safari hii hakuficha neno. Ndani ya maji dutu hizo zimeachana kuwa ioni, umeme uwepo usiwepo.

Asidi yenye nguvu na asidi dhaifu

Kwa maelezo ya Arrhenius, asidi ni dutu inayotoa ioni za hidrojeni ndani ya maji, na besi ni ile inayotoa ioni za hidroksidi. Asidi yenye nguvu ni ile ambayo karibu molekuli zake zote zimegawanyika. Asidi dhaifu ni ile ambayo nyingi zimebaki nzima.

Hapa lugha yetu yenyewe huwatega wanafunzi. Vitabu vingine husema asidi kali badala ya asidi yenye nguvu, na neno kali kwa Kiswahili lina kazi nyingi: limau ni kali, pilipili ni kali, kisu ni kikali, dawa iliyokolea ni kali. Mwanafunzi akisikia asidi kali hufikiria ile iliyokolea au ile inayounguza. Kukolea ni jambo jingine. Kukolea kunahusu wingi wa asidi iliyotiwa ndani ya maji. Nguvu inahusu sehemu ya hiyo asidi iliyogawanyika.

Tuchukue asidi mbili zenye ukolezi sawa, yaani moli 0.1 kwa lita moja, kwenye nyuzijoto 25. Ya kwanza ni asidi hidrokloriki, ile iliyomo tumboni mwa binadamu. Karibu yote imegawanyika, na pH yake ni takriban 1. Ya pili ni asidi asetiki, ile inayoipa siki ladha yake. Katika kila molekuli 1000 ni 13 hivi tu zilizogawanyika, na pH yake ni karibu 2.9. Namba hiyo ya 13 hupatikana kwa njia ya Arrhenius mwenyewe: hupimwa upitishaji umeme wa mmumunyo huo kwa kila moli, ambao ni 5.2 kwa vipimo vya kawaida vya maabara, kisha hugawanywa kwa ule ambao asidi hiyo ingekuwa nao kama ingegawanyika yote, ambao ni 391. Jawabu ni 0.013.

Sasa tuzimue asidi asetiki hiyo mara 100. Sehemu iliyogawanyika inapanda kutoka asilimia 1.3 hadi asilimia 12 na zaidi. Je, imekuwa yenye nguvu? Hapana. Ostwald alionyesha mwaka wa 1888 kwamba ukilinganisha ioni na molekuli nzima kwa hesabu ifaayo, unapata namba moja isiyobadilika kwa kila asidi kwenye halijoto moja, hata uizimue vipi. Kwa asidi asetiki ni karibu 0.000018. Namba hiyo, inayoitwa leo kiwango thabiti cha asidi, ndiyo kipimo cha nguvu yake, na majedwali ya vitabu vya sekondari bado yanaipanga hivyohivyo.

Kosa jingine la kawaida ni kudhani kwamba asidi dhaifu huhitaji alkali kidogo ili izimwe. Sentimita za ujazo 25 za asidi asetiki hiyo zinahitaji kiasi kilekile cha hidroksidi ya sodiamu kama sentimita za ujazo 25 za asidi hidrokloriki yenye ukolezi sawa. Molekuli zilizobaki nzima si kwamba hazina hidrojeni ya kutoa, zimeishikilia tu. Alkali ikizichukua zile ioni chache zilizo huru, molekuli nyingine hugawanyika kujaza pengo, mpaka zote zimalizike.

Nadharia hii ilieleza pia jambo lililokuwa likijulikana bila kueleweka: asidi yoyote yenye nguvu ikikutana na besi yoyote yenye nguvu katika maji, joto linalotoka ni lilelile, karibu kilojuli 57 kwa kila moli ya maji yanayotengenezwa. Asidi hidrokloriki na hidroksidi ya sodiamu, asidi nitriki na hidroksidi ya potasiamu, jibu ni moja. Ni kwa sababu mmenyuko wa kweli ni mmoja tu, wa ioni ya hidrojeni na ioni ya hidroksidi kuwa maji. Ioni nyingine ni watazamaji.

Mfano wa kuuondoa kabisa mkanganyiko wa ukali ni asidi hidrofloriki. Inakula kioo, haiwekwi kwenye chupa ya glasi, na ikimgusa mtu hupenya ngozi na inaweza kumuua. Hata hivyo kwa maana ya kikemia ni asidi dhaifu: kwa ukolezi wa moli 0.1 kwa lita ni asilimia 8 hivi tu ya molekuli zake zilizogawanyika. Sababu kubwa ni muungo wa hidrojeni na florini, ulio imara sana na usioachia kwa urahisi. Ukishuka katika kundi hilo la elementi, kutoka florini hadi klorini, bromini na iodini, atomu huwa kubwa zaidi, muungo wake na hidrojeni hulegea, na asidi zao huwa na nguvu. Arrhenius hakuyajua hayo ya miungo. Aliweza kupima ni kiasi gani cha asidi kimegawanyika, lakini kwa nini kikawa hicho, swali hilo lilijibiwa na waliokuja baada ya kujulikana kwa muundo wa atomu.

Upinzani na mipaka ya nadharia

Nadharia haikupokewa kwa mikono miwili kila mahali. Nchini Uingereza Henry Armstrong aliipinga maisha yake yote, na Dmitri Mendeleev wa Urusi, aliyetunga jedwali la elementi, naye hakuikubali. Baadhi ya pingamizi zilikuwa ukaidi mtupu, baadhi zilikuwa na haki. Kanuni ya Ostwald iliyofuatwa vizuri na asidi dhaifu ilishindwa kabisa kwa asidi zenye nguvu na kwa chumvi. Arrhenius alidhani hata hizo huwa na sehemu iliyobaki nzima. Mwaka wa 1923 Peter Debye na Erich Hückel walionyesha kwamba zimegawanyika zote, ila ioni zake huvutana na kuzuiana njiani, ndiyo maana hupitisha umeme pungufu ya inavyotarajiwa.

Mwaka huohuo Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walipanua maana ya asidi. Kwao asidi ni kitu kinachompa mwenzake protoni, yaani ioni ya hidrojeni, na besi ni kitu kinachoipokea. Kwa njia hiyo amonia, ambayo haina hidroksidi ndani yake, inaeleweka kuwa besi bila kulazimisha mambo. Tena inaeleweka kwamba maji si uwanja mtupu bali ni mshiriki: ioni ya hidrojeni haielei peke yake, hushikwa na molekuli ya maji. Shule za sekondari bado huanza na Arrhenius, na ni sawa, maana mwanafunzi asiyeelewa ioni hawezi kumwelewa Brønsted.

Kazi nyingine

Mwaka wa 1889, alipokuwa akichunguza jinsi asidi zinavyovunja sukari ya miwa, Arrhenius alitoa mlinganyo unaoonyesha jinsi kasi ya mmenyuko inavyopanda halijoto ikipanda. Alieleza kwamba si kila molekuli inayogongana na mwenzake humenyuka, ila zile tu zenye nishati ya kutosha kuvuka kizuizi fulani. Mlinganyo huo unaitwa kwa jina lake hadi leo, na kanuni ya mkato kwamba menyuko nyingi huongezeka kasi karibu mara mbili kwa kila nyuzijoto 10 inatoka humo.

Mwaka wa 1896 alichapisha hesabu ambayo katika miaka ya karibuni imemfanya ajulikane hata kwa watu wasiosoma kemia. Akitafuta chanzo cha enzi za barafu, aliuliza dunia ingepoa kiasi gani kama dioksidi ya kaboni hewani ingepungua, na ingepata joto kiasi gani kama ingeongezeka. Kwamba gesi hiyo huzuia joto ilikuwa imeonyeshwa na John Tyndall na wengine kabla yake. Jipya lilikuwa kupiga hesabu kwa kila latitudo na kila majira, kwa mkono, kazi iliyomchukua karibu mwaka mzima. Jibu lake lilikuwa kwamba gesi hiyo ikiongezeka mara mbili joto lingepanda kwa nyuzi 5 hadi 6. Makadirio ya siku hizi ni nyuzi 3 hivi. Alijua kwamba kuchoma makaa ya mawe huongeza gesi hiyo, lakini alitarajia ongezeko hilo liende polepole kwa karne nyingi, na akiwa mtu wa nchi ya baridi aliliona kuwa ni jambo jema. Mkulima wa nchi kavu angemjibu vingine.

Aliandika pia kuhusu kinga ya mwili na sumu kwa kutumia kanuni za kemia, na kuhusu nyota na sayari. Wazo lake kwamba mbegu za uhai huenda husafiri kati ya sayari zikisukumwa na mwanga lilipendwa na wasomaji wa kawaida kuliko na wanasayansi.

Tuzo na mamlaka

Mwaka wa 1891 alianza kufundisha katika chuo cha juu cha Stockholm, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Stockholm. Uprofesa wake wa fizikia mwaka wa 1895 ulipatikana baada ya mvutano mkali, na vivyo hivyo kuchaguliwa kwake kuwa mjumbe wa Chuo cha Sayansi mwaka wa 1901. Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1903 ilileta tatizo la aina yake: kazi yake ilikuwa fizikia au kemia? Lilijadiliwa hata wazo la kumpa nusu ya kila moja. Mwishowe alipewa ya kemia, katika mwaka ambao ile ya fizikia ilikwenda kwa Henri Becquerel na Pierre na Marie Curie. Mwenyekiti wa kamati ya kemia wakati huo alikuwa Per Teodor Cleve, yuleyule wa Uppsala.

Mwaka wa 1905 ilianzishwa taasisi ya Nobel ya kemia ya kifizikia jijini Stockholm kwa ajili yake, naye akaiongoza hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Kwa hiyo mtu aliyekuwa ameonja kudharauliwa na watahini alijikuta na sauti kubwa katika kuamua nani atukuzwe. Hakuitumia vizuri daima. Mendeleev alipopendekezwa kupewa tuzo ya mwaka wa 1906, Arrhenius alikuwa kati ya waliompinga, na Mrusi huyo alifariki mwaka uliofuata bila kuipata. Walther Nernst, rafiki wa zamani waliyekosana, alicheleweshwa miaka mingi hadi alipopewa tuzo ya mwaka wa 1920. Paul Ehrlich naye, aliyetofautiana na Arrhenius kuhusu kinga ya mwili, alipata upinzani wake.

Vilevile hakuna sababu ya kuficha kwamba alikuwa mwanachama wa chama cha Uswidi kilichohubiri uboreshaji wa mbari za watu, na mjumbe wa bodi ya taasisi ya biolojia ya mbari iliyofunguliwa Uppsala mwaka wa 1922. Mawazo hayo yalienea sana kati ya wasomi wa Ulaya wakati ule, na yaliwaumiza watu wengi.

Familia na kifo

Arrhenius alioa mara mbili. Ndoa yake na Sofia Rudbeck, mwanafunzi wake wa zamani, ilifungwa mwaka wa 1894 na kuvunjika mwaka wa 1896. Walizaa mwana mmoja, Olof. Mwaka wa 1905 alimwoa Maria Johansson, wakapata mwana mmoja na mabinti wawili. Waliomjua walimtaja kuwa mtu mcheshi, mnene, mpenda mazungumzo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alisaidia kuachiliwa kwa wanasayansi wa Ujerumani waliokuwa wamekamatwa vitani.

Alifariki Stockholm tarehe 2 Oktoba 1927, akazikwa Uppsala. Kasoko moja ya mwezini na nyingine ya sayari ya Mirihi zimepewa jina lake, na Chuo Kikuu cha Stockholm kina maabara za Arrhenius, ambamo kemia inafundishwa mpaka sasa.